Fremu ya 58 ya Mwalimu wa Nyegezi: kisa cha miguu mirefu na kiwiliwili kifupi

Mwalimu aliyeniletea kisa hiki anafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Mwanza, anaishi Nyegezi, ana umri wa miaka 43 na urefu wa sentimita 174. Kwa miaka mingi alikwenda kazini kwa baiskeli ya Phoenix, kisha akaamua kununua baiskeli ya mashindano, ile ambayo wengi tunaiita ya resi, ili kila Jumamosi alfajiri atoke Nyegezi, apite Mkolani na Buhongwa hadi Usagara, na siku akijisikia na nguvu aendelee hadi Kigongo, kwenye daraja la kilomita 3 lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Hakuwa na nia ya kushindana na mtu yeyote. Alichotaka ni kukaa juu ya baiskeli saa tatu na kushuka akiwa mzima. Wiki sita baada ya kuinunua alikuwa ameanza kuiogopa. Amekubali niandike yaliyompata, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, na ninayaandika kwa sababu ushauri uliompeleka kwenye fremu isiyo yake niliutoa mimi.

Alinipigia simu akiwa kwa muuza mitumba, akaniuliza atafute fremu ya ukubwa gani. Siku moja kabla nilikuwa nimemwelekeza apime mguu wake kwa ndani: asimame bila viatu huku mgongo ukigusa ukuta, aweke kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, akipandishe hadi kikaze kama anavyokazwa na siti, kisha apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Alipata sentimita 86. Nilifanya hesabu ambayo mafundi wengi wa baiskeli za resi tumeizoea, yaani kuzidisha urefu huo kwa 0.67, nikapata 57.6, nikamwambia achukue 58. Fremu ya 58 ilikuwepo, ya alumini, rangi haijapauka, gia zinabadilika vizuri. Alipoipitishia mguu na kusimama wima juu yake, kati ya bomba la juu na kinena ilibaki nafasi ya karibu sentimita 4. Kila dalili ilionyesha kwamba tumepatia.

Asubuhi aliyokuja karakanani alinisalimu kama kawaida yake, "Mwangaluka, fundi," akaegemeza baiskeli ukutani, akasema, "Baiskeli yenyewe ni nzuri, ila inanipiga." Alieleza kwamba kila akifika Usagara kidole cha mwisho na cha pete vya mikono yote miwili vinakuwa vimekufa ganzi, shingo inakaza upande wa nyuma kama mtu aliyelala vibaya, na kiuno kinauma hadi Jumapili jioni. Alikuwa amekwisha kujaribu tiba ambazo kila mtu hupewa na wenzake: amenunua kava la siti lenye sponji, amefunga utepe wa pili juu ya utepe wa usukani, amevaa glavu, na amepunguza upepo kwenye matairi. Sizidharau tiba hizo, kwa maana tairi pana lenye upepo wa kiasi kweli humeza mitikisiko ya barabara, lakini hakuna hata moja kati yake inayosogeza usukani karibu na mwenye baiskeli.

Kabla sijashika futi niliitazama baiskeli yenyewe, kwa sababu mahali panapochakaa hueleza jinsi mtu anavyokaa. Kava la siti lilikuwa na wiki chache tu, lakini ncha yake ya mbele ilikuwa imeng'aa na kuanza kuchanika mshono, ilhali sehemu pana ya nyuma, ambako mifupa ya makalio inapaswa kutua, ilikuwa bado na vinyweleo vya kitambaa kipya. Utepe wa usukani ulikuwa umelainika na kuwa mweusi kwa jasho katikati, karibu kabisa na shingo ya usukani, yaani kile kipande kinachoubeba usukani na kuusukuma mbele, na mpira wa vishikio vya breki ulikuwa msafi kana kwamba haujawahi kuguswa. Hapo nilipata hofu ambayo Mwalimu mwenyewe hakuwa nayo. Mtu anayeshika usukani katikati hana breki mkononi. Kwa Mwalimu hilo lilimaanisha kupita Buhongwa asubuhi, daladala zikichomoka na kuingia vituoni na bodaboda zikikatiza kila upande, huku akihitaji kwanza kusogeza mikono sentimita nyingi mbele kabla ya kuweza kusimama. Tulikuwa tumezungumzia starehe, lakini jambo lililokuwa mbele yetu lilikuwa kubwa kuliko starehe.

Niliiweka baiskeli kwenye stendi, Mwalimu akapanda, na kijana ninayemfundisha kazi akamshikilia kwa nyuma. Urefu wa siti ulikuwa sahihi. Kanuni inayotumiwa sana ni kuzidisha mguu wa ndani kwa 0.883 ili kupata umbali kutoka katikati ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pedali, hadi juu ya siti, na kwa mguu wa 86 jibu ni sentimita 76, ambazo ndizo nilizozikuta. Pedali ikiwa chini kabisa goti lilibaki limekunjika kidogo, nyonga hazikuyumba upande kwa upande, na uzi wenye nati niliouning'iniza kutoka mbele ya goti ulipita karibu na ekseli ya pedali mguu ulipokuwa umelala mbele. Kwa hiyo miguu haikuwa na neno. Nilipomwomba aweke mikono kwenye vishikio vya breki, viwiko vilinyooka kama mijiti, mabega yakapanda hadi karibu na masikio, na taratibu, bila yeye kujua, makalio yakateleza mbele hadi kwenye ile ncha iliyochakaa. Mwili ulikuwa unautafuta usukani. Nilipima kutoka ncha ya siti hadi katikati ya usukani nikapata karibu sentimita 57, na usukani ulikuwa chini ya siti kwa sentimita 9.

Mtu anapoegemea namna hiyo, viwiko vikiwa vimekaza, uzito wa kiwiliwili unatua kwenye kitako cha kiganja upande wa kidole cha mwisho, na hapo ndipo inapopita neva ya alna, ambayo ndiyo inayohudumia kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Hivyo ganzi ya vidole viwili vile vile, si vingine, haikuwa fumbo. Shingo nayo ilikaza kwa sababu, kiwiliwili kikiwa kimelala sana, kichwa lazima kinyanyuliwe ili macho yaone barabara, na misuli ya nyuma ya shingo inafanya kazi hiyo saa nzima bila kupumzika.

Kosa langu lilikuwa katika kuamini mguu peke yake. Mguu wa sentimita 86 kwa mtu wa sentimita 174 ni zaidi ya 49 kwa mia ya urefu wote, na katika watu wazima ninaowapima karakanani wengi huangukia kati ya 45 na 47. Mwalimu ana miguu ya mtu mrefu na kiwiliwili cha mtu mfupi. Ile kanuni ya 0.67 hutoa urefu wa bomba la siti na si zaidi, lakini mtengenezaji hatengenezi bomba moja: anaporefusha bomba la siti hurefusha pia bomba la juu, kwa kudhani kwamba mwenye miguu mirefu ana mgongo mrefu na mikono mirefu vilevile. Nilimnunulia miguu yake fremu, na mgongo wake ukalazimika kulipa deni.

Hata hivyo naona chanzo kingine cha kosa hili ambacho si cha mtu mmoja, nacho ni malezi yetu. Katika mkoa huu mtu hukua juu ya baiskeli ya rimu ya 28, iwe ya kubebea maji, mkaa au mgonjwa, na fremu yake huja kwa ukubwa mmoja au miwili tu. Mrefu hupandisha siti, mfupi huishusha, na kazi imekwisha. Jambo hilo linawezekana kwa sababu usukani wa baiskeli hizo umepindwa kurudi nyuma: vishikio vinamfuata mwendeshaji hadi karibu na mapaja, naye hukaa wima, hivyo urefu wa mgongo na mikono hauulizwi kabisa. Usukani wa resi umepindwa kwenda mbele. Kutoka katikati yake hadi kwenye mkunjo wa mbele peke yake kuna sentimita 7 hadi 10, na mwendeshaji ndiye anayetakiwa kuvifuata vishikio. Tunapohamia kwenye baiskeli ya namna hii tunahama na mazoea ya kupima kwa siti na kwa kusimama juu ya bomba, na tunaacha bila kupimwa kile ambacho sasa ndicho kinachouma.

Namba iliyobandikwa kwenye fremu nayo haisaidii sana. Zamani, bomba la juu lilipokuwa limelala sawasawa na ardhi, fremu ya 58 ilikuwa na bomba la siti la sentimita 58, na mtu mzoefu aliweza kukisia mengine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Giant ilitoa baiskeli ya TCR, iliyobuniwa na Mwingereza Mike Burrows, ambayo bomba lake la juu linateremka kuelekea siti, na watengenezaji wengine wakafuata. Tangu hapo bomba la siti lilikuwa fupi huku namba ikiendelea kuandikwa kana kwamba bomba la juu bado limelala, kila kampuni ikikadiria kwa namna yake. Kwa hiyo fremu mbili zilizoandikwa 54 zinaweza kutofautiana kiasi cha mtu mmoja kukaa vizuri na mwingine kuugua.

Vipimo viwili ndivyo visivyodanganya. Cha kwanza ni kimo, yaani umbali wa wima kutoka katikati ya krenki hadi usawa wa juu wa bomba la mbele ambamo foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inapita. Cha pili ni mfiko, yaani umbali wa mlalo kati ya pointi hizo hizo mbili. Wenye majedwali ya kampuni huviita steki na richi. Aliye kwenye rundo la mitumba hana jedwali, lakini anaweza kuvipima kwa futi na ukuta. Baiskeli isimamishwe wima kwenye sakafu iliyo sawa, gurudumu la nyuma liguse ukuta. Upimwe umbali kutoka ukutani hadi katikati ya krenki, kisha kutoka ukutani hadi katikati ya mdomo wa bomba la mbele, na tofauti yake ni mfiko. Hivyo hivyo kutoka sakafuni kwenda juu, na tofauti yake ni kimo. Kwa fremu ya Mwalimu, krenki ilikuwa sentimita 74.5 kutoka ukutani na mdomo wa bomba la mbele 114.5, kwa hiyo mfiko ulikuwa 40. Kutoka sakafuni krenki ilikuwa 27 na mdomo wa bomba 85, kwa hiyo kimo kilikuwa 58.

Nilijaribu kwanza kuiokoa fremu ile, kwa sababu fedha ilikuwa imekwisha kutoka. Shingo ya usukani yenye sentimita 11 niliibadilisha nikaweka ya 7. Kuinua usukani sikuweza, kwa maana mwenye baiskeli wa kwanza, popote alipokuwa, alikata bomba la foku fupi kabisa, na hapakuwa na nafasi ya kuweka hata pete moja chini ya shingo. Hili ni jambo la kuangaliwa kwa makini kwenye kila baiskeli ya mtumba, kwa sababu bomba lililokatwa halirudi. Wakati nikitafuta shingo nyingine, Mwalimu kwa hiari yake alisogeza siti mbele sentimita 2 kwenye reli zake. Aliona kwamba kama usukani uko mbali, siti ikisogea umbali utapungua. Ni hesabu sahihi kwa futi, lakini mwili haukubaliani nayo. Mahali pa siti panaamuliwa na pedali. Siti ikisogea mbele, makalio yanasogea juu ya krenki na kiwiliwili kinakosa uzito wa nyuma wa kukisawazisha, kwa hiyo mikono inabeba zaidi kuliko mwanzo; na goti linapita mbele ya pedali, likaanza kumuuma upande wa mbele, maumivu ambayo hakuwa nayo kabla. Niliirudisha siti mahali pake siku ile ile.

Shingo fupi ilipunguza ganzi kidogo, lakini ilileta jingine. Fremu ile imebuniwa kwa shingo ya karibu sentimita 11, na mikono ilipokuja karibu na mhimili wa foku, usukani ukawa mwepesi mno: kila alipogeuka kutazama gari nyuma, gurudumu la mbele nalo lilikwenda upande. Kwenye mteremko akasema anahisi kama ameshika mkia wa ndama. Na usukani ulibaki chini kama ulivyokuwa, kwa hiyo shingo yake mwenyewe haikupata nafuu yoyote. Hapo nilimwambia wazi kwamba tuiuze.

Ilichukua wiki tano kupata nyingine. Nilimkatalia mbili ambazo zilikuwa nzuri kwa macho, moja ikiwa na mfiko wa 39 na kimo cha 54, ambayo ingemlaza zaidi kuliko ile ya kwanza ingawa iliandikwa 54. Tuliyoichukua iliandikwa 54 pia. Bomba lake la siti lina sentimita 51 tu kwa sababu bomba la juu linateremka sana, mfiko wake ni 37.3, na kimo chake ni 57.5. Ningeomba msomaji alinganishe vipimo hivyo na vya fremu ya kwanza. Fremu inayoitwa ndogo ni fupi kwa karibu sentimita 3 kwa mlalo, lakini kwa wima inapungukiwa nusu sentimita tu. Hicho ndicho Mwalimu alichokihitaji tangu mwanzo: fremu iliyo ndefu kwenda juu kuliko kwenda mbele, kwa sababu miguu mirefu hupandisha siti na usukani lazima uifuate juu, huku mgongo mfupi ukitaka usukani huo huo uwe karibu. Bomba la foku lilikuwa halijakatwa sana, nikaweka pete za sentimita 3 na shingo ya sentimita 10 inayotazama juu. Kwa kuwa bomba la mbele limelala kuelekea nyuma, usukani unapopanda unarudi pia karibu na mwendeshaji. Siti niliiweka kwenye 76 zile zile na nyuma ya krenki kiasi kile kile. Kutoka ncha ya siti hadi usukani nilipata sentimita 51, na usukani ukawa chini ya siti kwa sentimita 5.

Majirani zake Nyegezi walimwambia amenunua baiskeli ya mtoto, maana nguzo ya siti imechomoza karibu sentimita 20. Nilimwonyesha alama iliyochongwa kwenye nguzo, ambayo haitakiwi kuonekana nje ya fremu. Ilikuwa ndani kabisa, na nguzo yenye sentimita 35 ilikuwa imezama sentimita 15. Mwonekano huo ni wa kawaida kwa fremu za bomba linaloteremka, na sioni sababu ya mtu kuumiza shingo ili bomba lake lionekane refu.

Matokeo hayakuja yote kwa mpigo. Ganzi ya vidole iliondoka Jumamosi ya tatu. Shingo ilipona mapema zaidi, safari ya kwanza tu. Kiuno bado kinamchosha akipanda mlima kwa gia nzito, na hapo nimemwambia kwamba fremu imefanya sehemu yake. Misuli ya mtu aliyekaa wima miaka 20 juu ya Phoenix inahitaji miezi kuzoea kuinama. Kuna hasara moja mpya ambayo lazima niitaje: kwenye fremu fupi gurudumu la mbele liko karibu na pedali, na akikata kona kali sana kwa mwendo wa polepole, ncha ya kiatu chake inagusa tairi. Barabarani kwa mwendo wa kawaida usukani haugeuki kiasi hicho, lakini anapogeuza langoni kwake anatakiwa kuacha kukanyaga. Alikanyaga mara moja, akaanguka, akachubuka kiganja. Nilipaswa kumwonya kabla.

Fremu ya 58 ilinunuliwa na kijana wa Igoma mwenye sentimita 185 na mikono inayokaribia magoti. Nilimrudishia shingo ya 11, akakaa juu yake viwiko vikiwa vimelegea, na hadi leo hajaniletea lalamiko lolote zaidi ya mnyororo.

Karakanani bado napima mguu kwa kitabu na ukuta, kwa kuwa bila kipimo hicho urefu wa siti haupatikani. Lakini sasa mteja akishuka ukutani naandika urefu wote wa mwili kando ya mguu na kugawanya, na jibu likizidi 48 kwa mia siongelei tena namba ya fremu. Naongelea kimo na mfiko, na mteja huondoka na vipimo hivyo viwili kwenye karatasi kabla ya kwenda mnadani. Mwalimu alipita miezi minne baadaye kubadilisha kebo ya breki. Utepe wa katikati ya usukani ulikuwa bado mweusi wa dukani kama siku nilipoufunga, na mpira wa vishikio vya breki, ule wa kulia hasa, ulikuwa umelainika na kuanza kupoteza mistari yake.